UZI: Data ya serikali iwekwe kwenye "wingu" au ikae hapa nyumbani?

1/ Mdahalo ukifika kwa teknolojia, utasikia pande mbili. Mmoja: "Tuhamishe huduma zote kwenye wingu, foleni ziishe." Mwingine: "Mnauza siri za Wakenya kwa wageni!" Makofi huku, makofi kule, na mwananchi anaenda nyumbani bila jibu. Wacha nijaribu kueleza, bila chama na bila jina la mtu.

2/ Kwanza, kwa nini inanihusu. Mwaka jana nilifuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu. "Sistimu iko chini, rudi kesho." Nilirudi mara tatu. Mama niliyekaa naye kwenye benchi alikuwa ametoka mbali na nauli ilikuwa imemwishia. Hakuna aliyemwambia atafanya nini.

3/ Sasa, wingu haliko angani. Ni seva, yaani kompyuta kubwa, ndani ya jengo lenye jenereta, mitambo ya kupoza na walinzi. Tofauti ni kwamba jengo si lako. Umepanga tu, na unalipa kulingana na matumizi, kama tokeni za stima.

4/ Mbona serikali ipange badala ya kujenga? Fikiria 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi. Watu wanaingia kwa pamoja. Ukiwa na seva zako, lazima ununue za kutosha siku hiyo moja, halafu nyingi zikae bure miezi inayobaki. Ukipanga, unaongeza vyumba usiku huo na kuvirudisha kesho yake. Hiyo hoja ni ya kweli, tusiidharau.

5/ Lakini si ati ukijenga kwako uko salama. Septemba 2025 moto ulishika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Kituo chao, ardhi yao. Mifumo 709 ilizimwa. Hifadhi ya faili za watumishi wa umma, terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala pahali pengine. Kilichowaponza ni kuweka mayai yote kwa kikapu kimoja.

6/ Na wale wa "tupeleke nje" pia wasikie. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na intaneti yetu ikaanza kusuasua. Kama rekodi za hospitali ya kaunti zingekuwa Cape Town peke yake, daktari angebaki akitazama skrini ikizunguka huku mgonjwa yuko mbele yake.

7/ Sheria yetu inasemaje? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021. Data nyeti, kama ya usajili wa raia na uchaguzi, ichakatwe kwa seva zilizo Kenya, AMA angalau nakala moja inayofanya kazi ikae hapa. Kwa hivyo anayesema wingu la nje ni haramu amekosea. Anayesema hakuna masharti pia amekosea.

8/ Halafu kuna jambo ambalo halisemwi jukwaani: funguo. Sheria ya Marekani ya 2018, CLOUD Act, inaweza kulazimisha kampuni za huko kutoa data walizo nazo, hata kama seva iko nje ya Marekani. Ukiambiwa "usijali, seva iko Nairobi", uliza nani anaweza kuifungua.

9/ Na mkataba. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilionyesha kwamba mfumo wa kidijitali wa afya wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali. Hapo suala si seva ziko wapi, ni kilichoandikwa kwenye karatasi. Kupanga si aibu. Aibu ni kupanga nyumba ambayo mwenyewe anaweza kubadilisha kufuli na vitu vyako viko ndani.

10/ Kwa hivyo mdahalo ujao, usikubali "wingu au hapa?" Uliza haya manne:
– Nakala ni ngapi, na ziko pahali tofauti?
– Funguo za data ziko na nani?
– Tukitaka kuhama, tunatoka na data yetu kwa muda gani na kwa bei gani?
– Sistimu ikilala, yule mama wa kwenye benchi anahudumiwa vipi siku hiyo hiyo?

11/ Akikujibu "tumejipanga", muulize tena. Tuma hii kwa grupu ya mtaa wenu, na kama kuna pahali nimekosea, nisahihishe hapa chini. Nasoma zote.