Mlinzi Asipokee Mzigo kwa Jina Lake Tu

Kila askari aliyepata kusimama lindo aijua desturi hii: gari likifika langoni, mlinzi hatosheki na maneno ya dereva. Dereva atasema, "Nimeleta unga kutoka boharini." Mlinzi ataomba hati, atasoma hesabu, atatazama lakiri kama haikuvunjwa, ndipo afungue kizuizi. Neno "unga" lililoandikwa juu ya gunia si ushahidi wa kilichomo ndani ya gunia. Sisi tuliopita katika chuo cha kadeti tulifundishwa somo hili tungali vijana. Leo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, kwamba somo lilo hilo limewafika mafundi wa kompyuta, nao wamelijua kwa gharama kubwa.

BOHARI YA MAFUNDI

Zamani fundi alitunga programu katika kompyuta yake ikafanya kazi vizuri. Alipoihamishia kwingine ikagoma, kwa kuwa kompyuta ile ya pili ilikosa kifaa fulani, au ilikuwa nacho cha toleo jingine. Mwaka 2013 ilitokea Docker, nayo ikaeneza njia ya kufunga programu pamoja na vifaa vyake vyote katika mzigo mmoja. Mzigo huo ukiwa umehifadhiwa huitwa taswira. Ukishafunguliwa na kuanza kazi huitwa kontena. Mfano wake ni makontena ya bandarini: winchi haiulizi kama ndani mna kahawa au vyuma, huliinua kontena na kulipakia melini.

Taswira hizo huwekwa boharini. Docker Hub ni bohari mojawapo, na GitHub walifungua ya kwao mwaka 2020. Kutoka huko huchukuliwa na mitambo inayojenga programu pasipo mkono wa mtu. Fundi akibadilisha mstari mmoja wa kazi yake, mtambo huamka, huvuta taswira kutoka boharini, hujenga programu ndani yake, huijaribu, kisha huipeleka kwa watumiaji. Amri zote zimeandikwa mapema, hatua kwa hatua, kama ratiba ya kambi.

Hapo ndipo penye hatari. Mtambo hauna macho wala shaka. Kazi yake ni kutii. Ukiamriwa kuleta mzigo wenye jina fulani, utaleta wowote uliobandikwa jina hilo asubuhi ile. Tena mtambo wenyewe huwa umebeba funguo: za bohari, za seva, na za kutia saini. Adui akipata kuingiza mzigo wake humo hana haja ya kuvunja mlango, maana funguo zote zimo mle alimoingia.

SIKU 60 ZA MWIZI

Mwaka 2021 jambo hili lilitokea Marekani. Kampuni ya Codecov, ambayo kazi yake ni kupima ni sehemu gani za programu zimefanyiwa majaribio, iliwapa wateja wake hati fupi ya amri. Mitambo ya wateja iliichukua hati hiyo wakati wa kujenga programu na kuitekeleza. Kampuni ilieleza baadaye kwamba palikuwa na kosa katika utengenezaji wa taswira yake ya Docker, na kwa kosa hilo mtu asiye na ruhusa akaupata ufunguo wa kubadilisha hati ile. Kuanzia tarehe 31 Januari akawa anaibadilisha mara kwa mara. Aliongeza amri ndogo tu: kukusanya siri zilizokuwamo katika mtambo wa mteja na kuzipeleka katika seva ya nje.

Hakuna kengele iliyolia. Kazi ziliendelea, ripoti zikafika, na siku 60 zikapita. Tarehe 1 Aprili mteja mmoja alipima alama ya hati aliyoipokea, akailinganisha na ile iliyotangazwa na kampuni. Hazikulingana. Akatoa taarifa, na wizi ukafichuka. Tarehe 15 Aprili kampuni iliutangazia ulimwengu. Miongoni mwa walioguswa ilikuwamo HashiCorp, ambayo ilisema kwamba ufunguo wake wa kutia saini matoleo ya programu zake ulikuwa umeanikwa. Ikaufuta na kutengeneza mwingine, ijapokuwa haikuona dalili kwamba ulitumiwa vibaya.

Wateja wa kampuni ile walihesabiwa kwa maelfu, na alama iliyotangazwa ilikuwa mbele ya macho ya wote.

KIBANDIKO NA ALAMA

Alama hiyo hupatikana kwa hesabu maalumu. Kompyuta husoma mzigo wote, kisha hutoa mfululizo wa tarakimu na herufi. Kwa taswira za kontena huwa kwa kawaida 64. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya mzigo, mfululizo hutoka mwingine kabisa. Ni kama alama ya kidole ichukuliwayo na ndugu zetu wa polisi: mhalifu aweza kubadili jina na nguo, lakini vidole vyake vitamsaliti.

Kila taswira iliyomo boharini ina alama yake. Aghalabu ina pia kibandiko, kama namba ya toleo, au neno latest, maana yake "ya karibuni kabisa". Kibandiko chaweza kubanduliwa na kubandikwa juu ya mzigo mwingine. Machi 2025 washambuliaji walifanya hivyo hivyo kwa kifaa kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichotumika katika hazina za programu zaidi ya 23,000 huko GitHub. Kifaa hicho si taswira, lakini kanuni ni moja. Vibandiko vya matoleo yake vilielekezwa kwenye maandishi ya adui, na mitambo iliyokiita kwa kibandiko ikawa katika hatari ya kumwaga siri zake katika kumbukumbu za kazi. Iliyokiita kwa alama kamili ya toleo la kabla ya shambulio iliendelea kupokea toleo lile lile la zamani.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, taswira iitwe kwa alama yake, wala si kwa kibandiko peke yake.

Pili, mtambo upewe hati ya kupita ya muda, yenye ruhusa ile tu inayohitajika. Anayekuja kuchukua mzigo hana haja ya ruhusa ya kuweka mwingine. GitHub hutoa hati ya namna hii kwa kila kazi, nayo huisha kazi ikiisha.

Tatu, siri isitiwe kamwe ndani ya taswira. Taswira hujengwa kwa tabaka, moja juu ya jingine. Anayeweka ufunguo katika tabaka la chini na kuufuta katika la juu ameufunika tu. Mwenye kufukua ataukuta.

Nne, alama isiwe kisingizio cha kulala. Taswira iliyoshikwa kwa alama haipati marekebisho ya usalama yenyewe. Lazima ikaguliwe na kubadilishwa kwa ratiba. Isitoshe, alama huthibitisha kwamba mzigo ni ule ule uliofungwa, haithibitishi kwamba aliyeufunga ni mwaminifu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa mwaka 2021 aliingia kupitia hati ambayo wenyewe waliiamini na kuialika kila siku. Ndugu zetu waliokabidhiwa kompyuta za ofisini na wajiulize leo: mizigo inayoingia humo yatoka bohari gani, na ni nani aliyeilinganisha alama yake?