Fundi Amesema IC Ya Chaji Imekufa? Muulize Volti 5 Zimeishia Wapi

Umerudi keja saa nne usiku, simu iko na asilimia 6. Unaichomeka, hakuna kitu. Unapinda kebo kidogo, unaishikilia na kidole, bado imelala. Kesho yake uko Luthuli Avenue. Fundi anaangalia simu sekunde kumi halafu anakushow, "Hii IC ya chaji imekufa, bro. Leta ngiri tatu."

Inaweza kuwa ukweli. Inaweza pia kuwa uchafu wa mfuko wa jeans yako. Kabla utoe doo, chanuka kidogo.

Moto wa chaji una njia yake kama tu mat. Unatoka kwa chaja, unapita kwa kebo, unaingia kwa tundu la chaji, unafika kwa IC, halafu IC inaupeleka kwa betri. Chaja ya kawaida inatoa volti 5. Kazi yote ni kujua hizo volti zimekwama stage gani.

Anza mwenyewe, bila kufungua skrubu hata moja.

1. Chaja na kebo. Tafuta chaja na kebo ambazo umeona na macho yako zikichaji simu ya beshte yako. Zikikubali kwa simu yako, umemaliza, nunua kebo uende nyumbani. Zikikataa, shida iko kwa simu.

2. Tundu. Zima simu, mulika ndani na tochi. Vumbi na nyuzi za nguo hushindiliwa chini kila ukichomeka, mpaka kichwa cha kebo hakifiki mwisho. Dalili ni kebo kulegea ama kubaki nje kiasi. Toa polepole na kijiti cha meno cha mbao. Sindano, zii! Chuma kinaweza kupinda pini na kukuletea shida mpya. Usipulize na mdomo pia, mate ni maji.

3. Maji na joto. Kama imenyeshewa, usiichomeke. Iache ikauke kwa hewa, tundu likiangalia chini. Story ya kuizika kwa mchele achana nayo. Hata Apple wanakataza, juu vipande vya mchele vinaweza kuharibu simu. Na kama ilikuwa juani ama chini ya mto, iache ipoe kwanza. Simu hupima joto la betri, na likizidi inapunguza ama inakata chaji yenyewe. Hapo haijaharibika, inajilinda.

4. Geuza kebo. Hii ni ya wenye USB-C. Kichwa chake kinaingia juu ama chini kwa sababu pini za moto ziko pande zote. Lakini kwa tundu kuna pini mbili ndogo zinaitwa CC, na kebo hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo simu na chaja husalimiana. Simu huweka resista ya kilo-ohm 5.1 kwa hiyo pini, na kama kebo ni ya C kwa C, chaja haitoi zile volti 5 mpaka iione. Kwa hivyo simu ikichaji upande mmoja lakini ukigeuza inakataa, na kebo hiyo hiyo inachaji simu zingine pande zote, basi kuna pini imechafuka, imeshika kutu ama imekatika. Hiyo ni shida ya tundu. IC haina makosa.

Umefanya yote na bado? Sawa, nenda kwa fundi, lakini nenda ukijua.

IC ya chaji ni kachuma kadogo keusi kwa bodi. Inapokea moto kutoka kwa tundu, inaushusha mpaka kiwango cha betri, inapima joto, na ikijaa inafunga mfereji. Kuitoa kunataka mashine ya hewa moto na mkono ambao hautetemeki, ndio maana bei iko juu. Lakini kwa simu nyingi tundu liko kwa bodi ndogo ya chini, imeunganishwa na bodi kubwa kwa waya bapa. Hiyo bodi ndogo inatolewa yote na kuwekwa ingine, na hiyo kazi ni rahisi kuliko kugusa IC.

Sasa swali la pesa ni moja: "Fundi, nionyeshe volti 5 zimeishia wapi."

Akifungua simu, aichomeke halafu aweke multimita. Kama volti 5 ziko kwa tundu lakini hazifiki kwa IC, aangalie waya bapa, bodi ndogo ama vifaa vya kukinga vilivyo katikati. Kama zinafika kwa IC na bado hakuna kinachoenda kwa betri, ajaribu betri ingine kwanza. Ikikataa hata na betri nzima, hapo ndio unaweza kuskiza hiyo story ya IC.

Ukitaka kujipanga, kuna kile kimita kidogo cha USB kinachokaa kati ya chaja na kebo. Kikisoma volti 5 na ampea 0.00, moto umetoka kwa chaja lakini simu haikunywi. Kikikwama chini ya ampea 0.5 na chaja ni kubwa, huenda simu inadhani iko kwa kompyuta, kwa hivyo kagua pini na kebo.

Kitu kimoja si cha kujaribu: ukiona mgongo wa simu umevimba, usiifinye, usiitoboe, usiichaji tena. Hiyo ni betri, na inaweza kushika moto.

Fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza. Ataweka multimita mezani akuonyeshe namba. Akikataa, chukua simu yako. Luthuli ni ndefu.