Chetezo na spree ya nywele visikutane

Kila Jumatano asubuhi mjini Ibra, katika Sharqiyah ya Oman, kuna soko la wanawake. Vitambaa, wanja, hina na udi, vyote vipo. Mgeni kutoka Unguja hushangaa kusikia bei ya udi ikivutwa kwa Kiswahili. Si ajabu: wengi waliorudi Oman baada ya mwaka 1964, na khasa baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi, koo zao ni za huku.

Katika harusi moja mjini humo, upande wa wanawake, tulimwona fundi wa nywele akimpulizia bi harusi spree huku shangazi mtu anaingia na chetezo kinafuka. Bibi mmoja mzaliwa wa Unguja akaamrisha chetezo kirudi uani kabla hakijavuka kizingiti. Wasichana wakacheka. Sisi hatukucheka.

Spree nyingi za kopo ni gundi nyepesi iliyoyeyushwa katika alkoholi, na kinachoisukuma nje ni gesi kama ile ya jikoni, butani na propani. Zamani zilitumika gesi za CFC, ambazo haziwaki lakini zilikuwa zikila tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukazipiga vita. Ozoni ikapata nafuu, moto ukasogea karibu na kichwa. Kaa moja la chetezo linatosha kuwasha mvuke ule.

Basi nywele zifukizwe kwanza. Zikishanukia, chetezo kitoke nje, madirisha yafunguliwe, ndipo fundi ashike kopo lake. Spree ikishakauka hatari hupungua, lakini haiishi. Udi wa baadaye uelekezwe kwenye nguo, mbali na kichwa.

Ama kuhusu kuchagua, tazama mtindo na tazama mji. Fundo la kisogoni linataka spree kali, maana litabeba maua na dhahabu hadi usiku wa manane. Mawimbi ya kuachiwa mabegani yanataka nyepesi, ipulizwe kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, kidogo kidogo. Ukikaribia zaidi nywele zinashikana kama zimemwagiwa uji. Nywele za pasi zipigwe pasi kwanza, spree baadaye, kwani ukigeuza unaikaanga gundi juu ya nywele. Misuko haina haja nayo.

Sur iko baharini, na unyevu wake hurudisha nywele zilizonyooshwa zilikotoka. Huko tafuta spree inayostahimili unyevu. Nizwa na Ibra ni bara, hewa kavu, na alkoholi nyingi huzidi kuzikausha nywele. Nyepesi inatosha. Na mafuta ya nazi, bibi zetu watusamehe, yasitangulie: spree haishiki juu yake.

Harusi ikiisha usizichane kavu, zitakatika. Zioshwe kwa maji ya uvuguvugu, na unga wa majani ya mkunazi ambao Waomani hawajauacha bado unafaa.

Jambo moja tena kwa wanaotoka Maskati na vipodozi garini. Makopo haya huandikwa yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Gari lililofungwa juani Ibra mwezi wa Juni linapita hapo kabla chai haijapoa. Kopo literemke pamoja na bi harusi.