Mashine nzito: kila mguu unabeba ngapi?

Vijana wapenzi, ninyi mnaojifunza ufundi, angalieni vizuri. Mashine ya tani 12 iko na miguu 4. Wengi watasema: kila mguu tani 3. Hapana! Watu wawili wakibeba mzigo kwa mti, yule aliye karibu na mzigo njo anaumia zaidi. Mashine nayo ni vile vile.

Tuseme toka miguu ya mbele mpaka ya nyuma ni metre 4. Moteri iko nyuma, basi kati ya uzito iko metre 3 toka mbele, metre 1 tu toka nyuma. Hesabu: 12 mara 3, gawanya kwa 4. Nyuma inabeba tani 9, mbele tani 3. Kila mguu wa nyuma: tani 4 na nusu. Kriki ya tani 3 itashindwa!

Tena udongo ukizama, mguu moja unalegea, ingine inalemewa. Tia mbao ngumu na pana, chagua kriki yenye kupita hesabu. Usiingie hata kidogo chini ya mashine inayoshikwa na kriki peke yake.

Luka 14, 28 inatufundisha kuhesabu mbele ya kujenga. Ndugu, hesabu kwanza: nyumbani wanakungoja.