Jinsi Tulivyopatana Bei ya Pikapu ya Shule

Wanafunzi wa zamani walichanga fedha mwaka 2023 ili shule ipate gari jipya, na Mhariri ameniomba nieleze jinsi gari hilo lilivyonunuliwa. Wakati ule mimi nilikuwa kiongozi wa ghala, mpimaji wa mahindi na maharage. Bruda mweka hazina alinichukua kwenda Kampala pamoja na mzee mmoja fundi wa magari, naye ni mwanafunzi wa zamani wa hapa. Bruda akaniambia, "Wewe utabeba daftari, uandike kila tunaloambiwa." Daftari hilo ndilo ninalolifuata sasa.

Gari letu la zamani lilikuwa limekwisha kabisa. Usiku mmoja kijana wa kidato cha pili alishikwa na homa kali, tukampeleka hospitali kwa bodaboda, yeye katikati, mwenzake nyuma akimshika asianguke. Alipona, lakini tangu siku ile hakuna aliyetaka kusikia neno la kungoja. Basi tulifika Kampala tukiwa na haraka, na muuzaji humjua mtu mwenye haraka kabla hajaketi.

Mimi nilidhani kupatana bei ya gari ni kama kupatana bei ya mkungu wa ndizi: muuzaji anataja kubwa, wewe unataja ndogo, mnakutana katikati. Mzee alicheka sana. Alisema mwenye ndizi anaogopa jua la mchana, maana jioni ndizi zake zitakuwa zimeharibika. Mwenye pikapu mpya ya dabo kabini anaogopa nini? Wakandarasi wanaitaka, wafanya biashara wanaitaka, mashirika ya misaada yanaitaka. Inachukua watu watano na mzigo nyuma, hupita matope, spea zake hupatikana hata katika miji midogo, na ukiiuza baada ya miaka mingi bado hupati hasara kubwa. Ukikataa wewe, yupo mwingine nyuma yako. Kwa hiyo, alisema, kwanza tujue bei hiyo imejengwa na nini, ndipo tutajua wapi pa kusukuma na wapi ni ukuta.

Ukuta wenyewe ni ushuru. Tuseme gari, pamoja na nauli ya meli na bima mpaka Mombasa, limegharimu 100. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pikapu kama hiyo ni 25 kwa mia, basi imekuwa 125. Hapa Uganda kodi ya ongezeko la thamani ni 18 kwa mia, nayo hutozwa juu ya ile 125, wala si juu ya 100, yaani 22.50. Jumla 147.50, mbali na tozo nyingine, na mbali na safari ya kutoka Mombasa, na faida ya mwenye duka. Nilipoandika hesabu hii nilimwonea huruma muuzaji kidogo. Karibu theluthi moja ya jumla hiyo si yake hata ukimpigia magoti.

Tuliingia maduka matatu, moja la wakala wa kiwanda na mawili ya waagizaji. Katika duka la kwanza, la mwagizaji mmoja, kijana nadhifu alitupa soda akasema tuna bahati: gari liko uani, jeupe, mteja aliyeliagiza ameshindwa kumaliza malipo. Ila ili tusipange foleni ya miezi, tuongeze shilingi 8,000,000 kabla ya jioni. Bruda alinyamaza. Nilimwona anagusa mfuko wa koti penye hundi, nami moyoni nilisema, "Lipa, Bruda, twende nyumbani," maana nilikuwa namkumbuka yule kijana wa bodaboda. Mzee ndiye aliyeuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo milioni nane utaziandika katika ankara kwa jina gani?" Yule kijana akasema haziandikwi, hizo ni za kupangiana tu. Mzee akasimama, akamshukuru kwa soda, tukatoka. Njiani Bruda alisema neno moja tu: "Na wazazi ningewaonyesha nini?"

Msidhani mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Marekani kuna sheria ya mwaka 1958, iliyoletwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, inayotaka kila motokaa mpya ya abiria ibandikwe dirishani karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda, na pikapu nazo huuzwa na karatasi kama hiyo. Lakini neno ni "iliyopendekezwa". Mwenye duka hafungwi nayo. Kampuni ya Ford ilipotangaza pikapu yake ndogo iitwayo Maverick mwaka 2021, bei ya kuanzia ilikuwa dola 19,995, mbali na nauli ya kuifikisha dukani. Wakati huohuo dunia ilikuwa na upungufu wa vipande vya elektroniki viingiavyo katika magari, na watu wakaigombea mno, hata mwezi wa Januari 2022 Ford ikafunga maagizo ya mwaka ule. Wenye maduka kadhaa waliongeza maelfu ya dola juu ya bei ya karatasi, wala hawakuvunja sheria. Wanunuzi waliosalimika ni wale walioagiza mapema, wakaandikiwa bei kabla gari halijatengenezwa, au waliokuwa tayari kwenda duka la mji mwingine.

Nasi tulifanya karibu hivyo. Kila duka kati ya mawili yaliyobaki tuliliomba profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya malipo, yenye kila kitu mstari wake. Usiku, katika nyumba ya wageni ya misheni, tulizipanga mezani. Bei ya gari lenyewe ilikaribiana sana. Tofauti ilikuwa imejificha kwingine. Maduka yote mawili yalitaja dola, lakini ukitaka kulipa shilingi, moja lilihesabu kila dola kwa shilingi 60 zaidi ya benki. Ni kitu kidogo machoni, lakini kwa gari la dola 40,000 ni shilingi 2,400,000! Karatasi nyingine ilikuwa na vyuma vya kung'aa vya ubavuni, vioo vya giza na zulia. Bruda aliuliza kama mahindi yanahitaji vioo vya giza.

Asubuhi tulirudi kwa wakala wa kiwanda. Mzee hakugusa bei ya gari hata kidogo, jambo lililomfurahisha muuzaji. Alisema tunaondoa vyuma, vioo na zulia. Badala yake tunataka turubai na matengenezo mawili ya kwanza bila malipo. Shilingi zihesabiwe kwa bei ya benki ya siku ya kuweka rubuni, na ikipanda baadaye isiwe juu yetu. Rubuni irudi yote gari lisipofika katika majuma kumi na mawili. Na kabla ya kumaliza malipo tuonyeshwe namba ya chasisi, ile yenye tarakimu na herufi 17, tuilinganishe na gari lenyewe. Muuzaji aligoma juu ya matengenezo ya pili, wakavutana karibu saa nzima, mwisho akakubali la kwanza tu. Mengine yote yaliandikwa na kutiwa sahihi.

Gari lilifika juma la tisa. Lazima niseme na upande wa pili wa daftari. Katika majuma hayo tulikodi gari la jirani mara 16, kila safari shilingi 250,000, yaani shilingi 4,000,000. Kwa hiyo nusu ya zile milioni nane tulizokataa zilikwenda kwa jirani, tena kwa risiti. Na usiku ule wa Aprili wagonjwa wawili walipozidiwa, jirani hakupatikana, tukarudia bodaboda. Bruda hulitaja jambo hilo mpaka leo, wala mimi sijui la kumjibu.

Siku ya kuchukua gari, Mzee alilala chini yake dukani na tochi, na suti yake ya Jumapili, akasoma namba ya chasisi kwa sauti nami nikaitazama katika karatasi. Zililingana. Jeki haikuwamo, tuliidai papo hapo, ikaletwa. Profoma zote mbili, ankara, na hesabu ya safari 16 ziko ofisini kwa Bruda, na yeyote aliyechanga anaweza kuja kuzisoma siku za kazi, kabla ya saa kumi.