Fumbo la Maneno (4): Mada Iliyofichwa na Haki ya Mfumbuzi

Mada katika fumbo la maneno ni wazo moja linalounganisha majibu machache ya mraba mmoja, aghalabu yale marefu kuliko mengine. Mtunzi huyapanga majibu hayo kwanza, matatu hadi matano hivi, kisha ndipo anapotafuta maneno ya kujaza visanduku vilivyobaki. Mfumbuzi hulijia fumbo kutoka upande wa pili: huanza na maneno mafupi, hukusanya herufi moja moja, na mwisho ndipo anapoliona wazo ambalo mtunzi alianza nalo. Sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza mraba, visanduku vyeusi, mlalo na wima, na aina za vidokezo. Sehemu hii inashughulikia mada peke yake. Sababu ni kwamba tarehe 30 Julai 2025 fumbo la gazeti la Daily Telegraph la London lilitimiza miaka 100, na katika karne hiyo hakuna kilichofundisha haki na hila za mada zaidi kuliko mkasa uliolipata gazeti hilohilo mwaka 1944.

Kawaida ya fumbo la kila siku lenye mada iliimarika zaidi Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo la kwanza la aina hii katika New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi na bila mada yoyote. New York Times lilikataa mchezo huo kwa miaka mingi, likauona upotevu wa wakati, hadi Februari 1942 lilipoanza kuchapisha fumbo la Jumapili chini ya mhariri Margaret Farrar. Fumbo la kila siku lilifuata Septemba 1950. Siku hizi mraba wake wa kila siku una visanduku 15 kwa 15, na wa Jumapili 21 kwa 21. Jumatatu ni rahisi, ugumu hupanda siku hadi siku, na Jumamosi ni ya wakongwe. Jumatatu hadi Alhamisi mraba huwa na mada. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hauna.

Anayejua ratiba hiyo huanza na silaha mkononi. Siku ya mada, hatua ya kwanza ni kutazama mraba kabla ya kusoma kidokezo chochote. Nafasi ndefu za mlalo ndizo makazi ya mada, na kwa kuwa mraba ukigeuzwa juu chini hubaki na sura ileile, nafasi ndefu ya juu lazima iwe na mwenzake wa urefu uleule chini. Hatua ya pili ni kujaza maneno mafupi yaliyo karibu na nafasi hizo. Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kusimama baada ya kupata jibu la kwanza la mada na kujiuliza: neno hili limefanywa nini? Limefichwa ndani yake neno jingine? Limegeuzwa? Limeongezwa herufi? Mara nyingi karibu na mwisho wa mraba huwekwa jibu moja linalotaja siri yote waziwazi. Mfumbuzi makini hujaribu kuitambua siri kabla ya kulifikia jibu hilo, kwa kuwa raha ya mchezo imo humo.

Mfano mdogo wa Kiswahili utaonyesha utaratibu huo. Chukua majibu matatu: NGURUMO, kwa kidokezo “Sauti ya radi”, TAALUMA, kwa kidokezo “Fani anayobobea msomi”, na PAPAI, kwa kidokezo “Tunda lenye mbegu nyingi nyeusi”. Mfumbuzi aliyeyapata yote matatu haoni uhusiano wowote kati ya radi, usomi na tunda. Akiyatazama mwanzo wake, anamwona nguru, anamwona taa, anamwona papa. Jibu la siri liwe WAVU, kwa kidokezo “Kimewanasa watatu walio mwanzoni mwa majibu”. NGURUMO na TAALUMA yana herufi saba kila moja, kwa hiyo yanaweza kukabiliana juu na chini. PAPAI, lenye herufi tano, linakaa katikati. Mapatano hapa ni kwamba samaki yuko mwanzo wa neno. Mtunzi akiongeza jibu la nne ambalo samaki wake amejificha mwishoni, amevunja mapatano, na mfumbuzi ana haki ya kulalamika.

Mfano bora kuliko yote katika historia ya fumbo la kila siku ulitokea tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Mtunzi alikuwa Jeremiah Farrell, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Butler, Indianapolis. Mhariri alikuwa Will Shortz. Katikati ya mraba palikuwa na kidokezo kilichodai kutaja habari kuu ya gazeti la kesho yake. Jibu lilichukua nafasi mbili za mlalo, na ya pili ilikuwa ELECTED, yaani “amechaguliwa”. Ya kwanza ilikuwa na visanduku saba. Gazeti lilitoka asubuhi, kura zikiwa bado zinapigwa. Litajuaje mshindi?

Waliojaza CLINTON walipiga simu wakiwa wamekasirika kwamba gazeti limempendelea mgombea mmoja. Waliojaza BOB DOLE walipiga simu pia. Wote walikuwa wamejaza sawasawa. Majina hayo mawili yana herufi saba kila moja, na Farrell alitunga vidokezo saba vya wima ambavyo kila kimoja kina majibu mawili sahihi. Kidokezo cha mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween kilikubali CAT, paka, na BAT, popo. Neno la somo la kwanza la Kifaransa lilikuwa LUI au OUI. Kitu cha kumpa mtu tegemeo, kwa kifupi, kilikuwa IRA, akaunti ya akiba ya uzeeni, au BRA, sidiria. Kinachonunuliwa duka la vifaa vya ushonaji kilikuwa YARN, nyuzi, au YARD, yadi ya kitambaa. Maandishi mafupi yalikuwa BITS au BIOS. Kitenzi cha kupiga tarumbeta kilikubali BOAST, kujigamba, na BLAST, kuvuma kwa kishindo. Kifupi cha jambo linalobishaniwa sana katika siasa kilikuwa NRA, chama cha wenye bunduki, au ERA, marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa wanawake. Zisome herufi za jibu la kwanza la kila jozi zinapokatana na mlalo: C, L, I, N, T, O, N. Zisome za jibu la pili: B, O, B, D, O, L, E.

Inafaa kukaa kidogo hapa, kwa sababu kazi hii mara nyingi husifiwa kwa ujanja wake na kusahauliwa kwa uaminifu wake. Hakuna kidokezo hata kimoja kati ya saba kilichopindishwa. Paka na popo wote ni wanyama wa Halloween. Nyuzi na yadi zote hununuliwa katika duka la vifaa vya ushonaji. Farrell hakumdanganya mtu. Alimwacha kila mfumbuzi ajikute kwenye ukweli wake, kisha agundue kuwa jirani yake naye yuko sahihi. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mwaka 1980 alilipeleka kwa mhariri wa wakati ule, Eugene Maleska, kwa majina ya Carter na Reagan yenye herufi sita kila moja, likakataliwa kwa hoja kwamba huenda akashinda mgombea wa tatu, Anderson. Subira ya miaka 16 kwa ajili ya mraba mmoja ni kipimo cha heshima ambayo kazi hii inastahili.

Upande wa pili wa uaminifu ni wajibu wa mfumbuzi kutoona mada pasipo na mada, na hapo ndipo penye mkasa wa 1944. Mtunzi wa fumbo la kwanza la Daily Telegraph, Leonard Dawe, alikuwa mwalimu mkuu wa Strand School, na ujanani aliwahi kuichezea kandanda timu ya Southampton. Wakati wa vita shule yake ilihamishiwa Effingham, Surrey. Mwezi Mei 1944, wiki chache kabla majeshi ya Washirika hayajavuka kwenda Normandy, majibu ya mafumbo ya gazeti hilo yalianza kutaja majina ya siri ya operesheni. UTAH ilitokea tarehe 2 Mei na OMAHA tarehe 22, na yote mawili yalikuwa majina ya fukwe za kutua. OVERLORD, jina la operesheni nzima, ilitokea tarehe 27. MULBERRY, jina la bandari za kuundwa, ilitokea tarehe 30. NEPTUNE, jina la sehemu ya majini, ilifuata mwanzoni mwa Juni. Miaka miwili nyuma, DIEPPE lilikuwa limetokea siku mbili kabla ya shambulio la Dieppe la tarehe 19 Agosti 1942.

Maofisa wa usalama wa MI5 walimwendea Dawe na kumhoji. Waliyafanya majibu ya siku mbalimbali kuwa mada moja, na kwa mtazamo wa kazi yao walikuwa na haki: katika vita, maneno matano yanayohusiana si kitu cha kupuuzwa. Dawe hakuonekana na hatia, na Normandy ilivamiwa tarehe 6 Juni. Ufafanuzi ulikuja mwaka 1984, pale Ronald French, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ile, aliposema kwamba Dawe aliwaruhusu vijana kumjazia mraba maneno, naye French aliyaokota majina hayo kwa askari waliokuwa kambini karibu na shule. Maelezo hayo yanaingiana na desturi ya kazi: maneno ya kujazia mtunzi huyachukua popote anapoyapata, na vidokezo huviandika baadaye. Mada ya kweli hutambulika kwa kuwa imo ndani ya mraba mmoja, ina kanuni moja, na inajithibitisha yenyewe.

Uingereza iliandika sheria za haki ya mfumbuzi. D. S. Macnutt, mwalimu wa lugha za kale aliyetunga katika gazeti la Observer kwa jina la Ximenes kuanzia 1939, alichapisha mwaka 1966 kitabu kizima kuhusu kidokezo cha haki. Shabaha yake ni nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: mfumbuzi akishapata jibu, asibaki na shaka kwamba ni hilo.

Kwa Kiswahili haki hiyo inaanzia kwenye mraba wenyewe. Katika maneno mengi ya Kiswahili konsonanti na irabu hupokezana, na takriban kila neno huishia na irabu. Katika mraba wa Kimarekani kila kisanduku ni cha maneno mawili, la mlalo na la wima. Weka KALAMU mstari wa juu. Chini ya K huja irabu, chini ya A huja konsonanti, na hivyo hadi mwisho, ambapo chini ya U hutakiwa konsonanti. Mstari wa pili hauwezi kuishia hapo. Maneno yenye irabu mbili mfululizo, au konsonanti kadhaa mfululizo kama mbwa, hupunguza tatizo bila kuliondoa. Mraba wa Uingereza, ambamo herufi hukatana kwa kuruka moja moja, una nafuu, lakini nao una kasoro yake: neno linaloanza na irabu, kama asali au elimu, hupata irabu tupu kwenye makutano, na irabu ni tano tu. Huo si msaada wa kutosha kwa mfumbuzi.

Wajapani walilitatua jambo hili kwa kuweka silabi moja katika kila kisanduku, kwa kuwa mwandiko wao wa kana ni wa silabi. Kiswahili kinaruhusu vivyo hivyo, na matokeo yake ni mazuri kuliko ya mraba wa herufi:

SA – MA – KI
MA – LI – ZA
KI – ZA – ZI

Ukiusoma kwa mlalo unapata samaki, maliza, kizazi. Ukiusoma kwa wima unapata yaleyale. Hakuna kisanduku cheusi hata kimoja. Mbinu za kuficha nazo zipo tayari pwani: mchezo wa kinyume, ambao huhamisha silabi ya mwisho mbele na kumfanya samaki awe kisama, ulikuwa maarufu Zanzibar kiasi cha Askofu Edward Steere kuutolea mfano katika A Handbook of the Swahili Language ya mwaka 1870. Mada ya kinyume katika mraba wa silabi ingekuwa ya Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu hali ya sasa, yatosha kusema kwamba mafumbo yamehamia kwenye simu, na kwamba programu za kompyuta hujaza mraba kwa dakika chache. Mraba uliojazwa na programu bila mtu kuuhariri huwa na maneno mengi na wazo hakuna. Mfumbuzi anayetafuta jibu simuni kabla hajafikiri naye hujinyima sehemu bora ya mchezo.

Wahariri wa magazeti ya Kiswahili wanaombwa mambo manne. Wamlipe mtunzi na kuchapa jina lake. Wataje kamusi inayofuatwa, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA. Watoe angalau fumbo moja la silabi lenye mada kila juma. Na majibu wayachapishe kesho yake, wala si ukurasa uleule.