Ukitaka Kuwa Rubani, Utaajiriwa na Nani?

Katika shule yetu, ukiuliza darasa zima wanataka kuwa nani siku za usoni, hutakosa wanne au watano watakaosema, "Rubani!" Lakini hebu waulize swali la pili: "Rubani wa shirika gani?" Hapo wengine watanyamaza, na wengine watajibu "Kenya Airways" kana kwamba hakuna shirika jingine duniani.

Swali hili la pili si mchezo. Masomo ya urubani hugharimu mamilioni ya shilingi, na kuna wazazi wanaouza shamba ili mtoto apate leseni. Mtoto akihitimu halafu asijue aende wapi, basi shamba limekwenda na kazi haipo. Ndiyo maana nimeona heri tulichambue jambo hili sasa, tungali kidato cha tatu.

Kwanza tuelewe leseni zenyewe. Hapa Kenya hutolewa na mamlaka ya usafiri wa ndege, yaani KCAA. Ukifika miaka 17 unaweza kupata leseni ya kujirushia ndege mwenyewe bila malipo. Ukifika miaka 18 unaweza kupata leseni ya biashara, ambayo ndiyo inayokuruhusu kulipwa. Hiyo huhitaji saa 200 angani, au 150 ikiwa umesoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, huhitaji miaka 21 na saa 1,500.

Sasa piga hesabu. Unatoka shuleni na saa 200, na unahitaji 1,500. Hizo 1,300 zilizobaki utazitoa wapi? Huwezi kuzinunua zote, hata baba yako awe tajiri namna gani. Lazima mtu akuajiri uzirushe. Kwa hiyo shirika la kwanza si la kukupa mshahara tu, bali pia ndilo litakalokupa saa. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengi huanzia Wilson, pale Nairobi. Kiwanja hicho kimepewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka wa 1929. Hapo kuna kampuni ndogo ndogo zenye ndege kama Cessna Caravan, ambayo ina injini moja na hubeba watu wapatao kumi na wawili. Huenda Maasai Mara, Amboseli na kwingineko, zikitua kwenye murramu ambapo pengine rubani hulazimika kuzunguka kwanza ili punda milia waondoke njiani. Faida yake ni kwamba safari ni fupi na nyingi, na unajifunza kuruka kwa mikono yako mwenyewe. Hasara ni kwamba kazi nyingi hutegemea watalii. Watalii wasipokuja, na wewe huruki.

Ngazi ya pili ni mashirika yenye ndege za mapangaboi zilizo kubwa zaidi. Mfano ni Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, iliyoanza safari tarehe 1 Aprili 2014. Hutumia ndege aina ya Dash 8-400, zenye viti 78, kwenda Mombasa, Kisumu, Eldoret na Ukunda. Hapa mnakuwa wawili mbele, kapteni na rubani msaidizi, na mnajifunza kugawana kazi. Uzoefu huo mashirika makubwa huuthamini sana.

Halafu kuna Kenya Airways yenyewe. Ilianzishwa mwaka wa 1977, baada ya East African Airways kuvunjika. Ina ndege za Embraer 190, Boeing 737-800 na Boeing 787. Ndipo alipofanya kazi Kapteni Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa shirika hilo, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza wa kike kuwa kapteni wa Boeing 787. Wasichana wenzangu, mmesikia?

Na kuna nje. Ethiopian Airlines, lililoanzishwa mwaka wa 1945, ndilo kubwa zaidi barani Afrika na lina chuo chake pale Addis Ababa. Kule Dubai kuna Emirates, iliyoanzishwa mwaka wa 1985. Mashirika ya Ghuba hulipa vizuri, lakini mgeni kwa kawaida hutakiwa awe tayari ana uzoefu mkubwa. Tena kibali chako cha kuishi kule kimefungwa kwenye kazi. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga anga, Emirates ilipunguza mamia ya marubani. Kwa mgeni, kazi ikiisha, na nyumba imeisha.

Basi utachagua vipi? Mimi naona maswali ni manne.

La kwanza: nitaruka saa ngapi, na katika ndege ya aina gani? Kila aina ya ndege kubwa ina kibali chake. Mwenye kibali cha Dash 8 hawezi kuamka tu asubuhi akarusha Boeing. Ndege inayotumiwa na mashirika mengi hukufungulia milango mingi.

La pili: foleni ikoje? Katika mashirika mengi makubwa, kupanda cheo hufuata tarehe uliyoajiriwa. Aliyeingia kabla yako atakuwa kapteni kabla yako, hata kama wewe ni hodari kama tai. Ukihama, mara nyingi unaanza tena mkiani. Rubani wa safari za kimataifa hustaafu akiwa na miaka 65. Kwa hiyo aliyeingia akiwa na miaka 24 ana miaka 41 ya kupanda, na aliyeingia akiwa na 34 ana 31 tu. Ndipo ninapowakumbuka wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao. Pesa za shirika jipya ni tamu, lakini uliza kwanza utasimama wapi kwenye mstari.

La tatu: mkataba unasemaje? Shirika likikulipia mafunzo ya ndege mpya, huenda likakutaka utumike miaka kadhaa. Ukiondoka mapema, unalipa. Soma kabla ya kutia sahihi.

La nne: je, shirika lenyewe lina afya? Jetlink, shirika la hapa kwetu, lilisimamisha safari zake Novemba 2012, na foleni ya vyeo ikafa nalo. Hata Kenya Airways iliona hasara kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kupata faida mwaka wa 2024, na marubani wake waligoma Novemba 2022. Jina kubwa si dawa ya kila kitu.

Rafiki yangu mmoja amenipinga. Ati yeye atafuata mshahara mkubwa popote ulipo, kwa sababu deni la masomo halingoji. Sikumcheka, maana deni ni deni. Lakini nilimwambia kwamba mwenye saa 200 hachagui mshahara. Mshahara ndio humchagua. Mimi ningeanzia Wilson nikusanye saa, nihamie ndege ya marubani wawili haraka iwezekanavyo, kisha niingie shirika kubwa nikiwa bado kijana, nikae. Nje ningeenda tu kama hapa nyumbani foleni haisogei.

Neno la mwisho ni la kuokoa mashamba. Rubani wa biashara lazima apite uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Humo hupimwa macho, masikio, moyo na hata uwezo wa kutofautisha rangi. Miwani si kizuizi ikiwa inarekebisha macho sawasawa. Basi kabla mzazi wako hajauza hata kuku, nenda ukapimwe. Na huku ukingoja kutimiza miaka 17, kazana na Hisabati, Fizikia na Kiingereza, maana ndiyo lugha ya angani. Kiswahili nacho usikiache, kwa sababu abiria wako wengi wa Kisumu na Mombasa watafurahi kukaribishwa kwa lugha yao.

Ndege mnazoziona zikielea juu yetu zina watu waliozifikia hatua kwa hatua. Vyaelea, vimeundwa.